Emita ya pamoja, kolekta ya pamoja, besi ya pamoja: ipi uifunge wapi, na inaharibikia wapi

MkondoMdogo

Wakuu, naufungua huu uzi kwa sababu mjadala wa mitindo mitatu ya kufunga transista huwa unaanzia pabaya. Mtu anauliza "ipi inakuza zaidi?" Mimi ningeanza na maswali mawili: chanzo cha mawimbi kina ukinzani gani, na mzigo unaopokea una ukinzani gani? Ukiyajibu hayo, mtindo unajichagua wenyewe.

Transista ina miguu mitatu: emita, besi na kolekta. Jina la kila mtindo linatokana na mguu ambao haubebi mawimbi, yaani uliofungwa ardhini kwa macho ya mkondo geu. Laini ya volti 12 nayo ni ardhi kwa mkondo geu, kwa hiyo kolekta iliyogusa chanya moja kwa moja ndiyo "ya pamoja". Na tuelewane mapema: besi humu ni mguu wa transista. Besi ya muziki nitaiita sauti nzito, la sivyo tutapotezana.

Emita ya pamoja unaingiza kwenye besi, unatoa kwenye kolekta. Inakuza volti, inakuza mkondo, na inageuza wimbi juu chini. Kolekta ya pamoja unaingiza kwenye besi, unatoa kwenye emita. Volti haikui (unapata kama 0.99), mkondo ndio unakua, wimbi haligeuki. Wengi wanaiita mfuasi wa emita, maana emita inaifuata besi kila iendako ikiwa chini yake kwa volti 0.65 hivi. Besi ya pamoja unaingiza kwenye emita, unatoa kwenye kolekta. Mkondo haukui, volti inakua sawa na emita ya pamoja, wimbi haligeuki, na ukinzani wa kuingilia ni mdogo mno.

Namba moja inatawala yote: ukinzani mdogo ulio ndani ya emita yenyewe, tuuite re (kwa herufi ndogo; Re ya herufi kubwa ni rezista ya nje). Unaupata kwa kugawa milivolti 25 kwa mkondo wa kolekta. Kwa 1 mA re ni omu 25, kwa 0.5 mA ni omu 50, kwa 5 mA ni omu 5.

Saketi ya mfano ya emita ya pamoja, tutaitumia uzi mzima:

Umeme volti 12, transista BC547 yenye beta (mkondo wa kolekta gawa kwa mkondo wa besi) kama 200.
R1 100k kutoka chanya kwenda besi.
R2 18k kutoka besi kwenda ardhi.
Rc 4.7k kutoka chanya kwenda kolekta.
Re 1k kutoka emita kwenda ardhi.
Kapasita ya kuingilia 10 µF, ya kutokea 10 µF, ya emita 470 µF sambamba na Re.

Hesabu yake: R1 na R2 peke yao zinatoa volti 1.83. Mkondo wa besi, kama maikroampia 5, unaishusha hadi 1.75. Toa 0.65, emita inakaa 1.1, kwa hiyo mkondo ni 1.1 mA. Rc inakula volti 5.2 na kolekta inatulia 6.8. Hapo wimbi lina nafasi ya volti 5 na ushee kupanda, na karibu hiyo hiyo kushuka.

re ni omu 23, hivyo ukuzaji bila mzigo ni 4700 ÷ 23, kama 200. Ukiondoa kapasita ya emita, unagawa kwa 1023 na unabaki na 4.6. Tofauti ya mara arobaini na zaidi kwa kapasita moja.

SoldaBaridi

Mkuu, hiyo 470 µF si kubwa kupita kiasi? Michoro mingi inaweka 10 µF pale kwenye emita.

MkondoMdogo

Michoro hiyo ndiyo inayozaa malalamiko ya "amplifaya yangu haina sauti nzito". Kapasita ya emita haioni ile Re ya 1k. Inaona re ya omu 23. Kwa 10 µF na omu 23, ukuzaji unaanza kuporomoka ukishuka chini ya hertz 690, yaani nusu ya sauti ya mtu imeshaenda. Ukitaka ifike hertz 20 unahitaji kama 350 µF, ndiyo maana tunaweka 330 au 470.

Ya kuingilia ni hadithi nyingine. Inaona ukinzani wa kuingilia, ambao hapa ni beta mara re (4.6k) sambamba na 100k na 18k, jumla kama 3.5k. Kwa hertz 20 hata 2.2 µF inakaribia, 4.7 inatosha, 10 ni raha.

Kipimo

Nataka kuongezea nyama kwenye hiyo 200, kwa sababu wanaoanza wanaipenda mno.

Transista haipandishi mkondo kwa mstari ulionyooka. Kwa emita ya pamoja yenye kapasita kamili, upotoshaji wa harmoniki ya pili (wimbi la ziada lenye masafa mara mbili) ni karibu kilele cha wimbi la kuingilia gawa kwa milivolti 100. Ukiingiza kilele cha milivolti 1, upotoshaji ni 1%. Ukiingiza 10, ni 10%. Wimbi bado halijakatwa kichwa, bado lina nafasi juu na chini, lakini kwenye osiloskopu utaona upande mmoja umevimba na mwingine umechongoka. Sikioni inasikika kama sauti iliyofunikwa na kitambaa.

Dawa yake: gawanya Re. Weka omu 100 kutoka emita, kisha 910 kwenda ardhi, na kapasita iwe sambamba na ile 910 tu. Ukuzaji unashuka kutoka 200 hadi 38 (4700 ÷ 123), lakini upotoshaji kwa kilele kile kile cha milivolti 10 unaanguka chini ya 0.5%. Ukinzani wa kuingilia unapanda kutoka 3.5k hadi 9k na ushee. Na kapasita ya emita sasa inaweza kuwa 100 µF tu, kwa sababu inaona omu zaidi ya 100 badala ya 23. Kwangu mimi hii ndiyo emita ya pamoja ya kawaida. Ile ya 200 ni ya mawimbi madogo sana, ya milivolti moja kushuka.

Jambo jingine: usihangaike kubadilisha Rc ukitafuta ukuzaji mkubwa zaidi. Kikomo ni mara 40 ya volti zinazobaki juu ya Rc. Volti 5.2 mara 40 ni 208, basi. Ukipandisha Rc na kupunguza mkondo ili kolekta ibaki palepale, re nayo inapanda kwa kiwango kile kile, umerudi ulipoanza.

Zubeda_R

Kuna wanaofunga besi kwa rezista moja tu, 2.2M kutoka chanya, emita moja kwa moja ardhini. Sehemu chache, kazi imeisha. Ubaya wake nini?

Kipimo

Ubaya wake ni beta, dada. 2.2M inapitisha maikroampia 5.1 kwenye besi. Beta ikiwa 200, kolekta ina 1 mA na volti inatulia kama 7. Sasa chukua BC547B nyingine. Kundi B linaruhusiwa kuwa popote kati ya 200 na 450. Ikiwa 450, mkondo ni 2.3 mA, Rc inakula 10.8, kolekta inabaki na volti 1. Kundi C linaanzia 420 hadi 800, hilo linashiba kabisa (transista imefunguka hadi mwisho) na wimbi halitoki. Joto nalo likipanda, beta inapanda.

Ukitaka sehemu chache, itoe rezista ya besi kwenye kolekta badala ya chanya. Weka 1M kutoka kolekta kwenda besi, Rc ileile 4.7k. Beta 200 inakupa kolekta ya volti 6.5, beta 450 inakupa 4.3, beta 800 inakupa 3. Haishibi hata siku moja, kwa sababu kolekta ikishuka na mkondo wa besi unapungua. Gharama yake: ile 1M inageuka kuwa mrejesho, na kwa wimbi inaonekana kwenye besi kama 5k tu, hivyo ukinzani wa kuingilia unashuka. Kwa maikrofoni ya elektreti inafaa kabisa. Usisahau tu kuipa elektreti rezista yake, 4.7k hivi kwenda chanya, kwa sababu ndani yake ina FET (transista ya aina nyingine) inayohitaji umeme.

SoldaBaridi

Nikubali basi kwamba emita ya pamoja imeeleweka. Kwa nini isisukume spika moja kwa moja? Au niweke mfuasi wa emita mbele yake, si inakuza mkondo?

MkondoMdogo

Emita ya pamoja haisukumi kitu kwa sababu ukinzani wake wa kutokea ni Rc yenyewe, 4.7k. Mzigo wa 1k tu unashusha ukuzaji kutoka 200 hadi 36. Spika ya omu 8 inaushusha hadi 0.3. Hukukuza, umepunguza.

Mfuasi wa emita unasaidia, lakini una mtego ambao vitabu vingi vinaupita haraka. Tazama hapa.

Chukua mfuasi: emita imekaa volti 6, Re ni 1k, spika ya omu 8 imeunganishwa kupitia kapasita kubwa. Wimbi likipanda, transista inafunguka zaidi na kusukuma mkondo. Sawa. Wimbi likishuka, transista haiwezi kuvuta mkondo kurudi. Inaweza kujifunga tu. Anayevuta ni Re peke yake, na Re ya 1k chini ya volti 6 inavuta 6 mA basi. Kilele cha kushuka hakizidi volti ya emita mara mzigo, gawa kwa jumla ya Re na mzigo: 6 × 8 ÷ 1008, milivolti 48. Utasikia mkwaruzo, nusu ya chini ya wimbi imekatwa kama kwa kisu, hata kama ukinzani wa kutokea kwa hesabu ni omu 5.

Fomula hiyo ipitishe kwenye kila mzigo kabla hujashika kichomeo. Mzigo wa omu 600, Re 1k: kilele volti 2.25, vizuri. Vipokea sauti vya masikioni vya omu 32, Re 1k: volti 0.19, yaani nusu miliwati. Ukipunguza Re hadi omu 100 unapata kilele cha 1.45 na miliwati 33, masikio yanatosheka. Lakini sasa mkondo wa kupumzika ni 60 mA, Re inachoma wati 0.36 na transista nyingine 0.36. Rezista ya robo wati itabadilika rangi, weka ya wati 1. BC547 hapo iko pembeni mwa uwezo wake (mwisho ni 100 mA na kama nusu wati), weka BC337.

Kwa spika, achana na transista moja. Tumia jozi ya NPN na PNP zinazosukumana na kuvutana, au IC.

Zubeda_R

Hapo kwa mfuasi, kwa nini mwingine unaimba wenyewe? Hakuna wimbi linaloingia, lakini transista ina joto na redio iliyo karibu inanguruma.

MzeeWaMasafa

Unatetema, dada, na mara nyingi kwa mamia ya megahertz, kwa hiyo osiloskopu ya bei nafuu haioni kitu. Mfuasi wenye waya mrefu kwenye besi na mzigo wa kikapasita kwenye emita (waya wa shildi wa mita kadhaa unatosha) unageuka osileta. Waya wa besi ndio koili, waya wa mzigo ndio kapasita.

Tiba tatu, kwa mpangilio huu: rezista ya omu 100 hadi 1k mfululizo na besi, iliyochomelewa karibu kabisa na mguu wenyewe, kapasita ya seramiki ya 100 nF kutoka kolekta kwenda ardhi, miguu mifupi, na omu 47 hadi 100 mfululizo na utokeaji kabla ya waya mrefu. Ya kwanza peke yake humaliza kesi nyingi.

JuaKaliElektro

Wakuu naomba msaada wa upande wa multimita. Emita ya pamoja ya mfano wa hapo juu, haitoi sauti. Nianzie wapi?

Kipimo

Toa wimbi, weka umeme, pima tatu: besi, emita, kolekta, zote kwa kuilinganisha na ardhi. Saketi isiyo na hitilafu inasoma 1.75, 1.1 na 6.8. Ikisoma hivyo na bado haina sauti, kosa ni la kapasita au la wimbi lenyewe, usiguse transista.

Kolekta 12, emita 0, besi 1.8: makutano ya besi na emita yamekatika, au mguu haujashika solda. Kolekta 12, lakini emita ina volti moja na zaidi: Re imekatika, unachosoma ni mkondo kidogo unaopita kwenye multimita yenyewe. Kolekta 12, besi 0: R1 imekatika, au besi imegusa ardhi.

Emita 2.1, kolekta 2.2, besi 2.8: R2 haipo au imekatika, transista imeshiba.

Halafu kuna mbili zinazofanana na zinazowapotosha hata wazoefu. Besi 0.7, kolekta karibu sifuri, emita sifuri kamili: kapasita ya emita imekufa na kuwa waya, au imefungwa kinyume na inavuja. Besi 0.7, kolekta karibu sifuri, lakini emita inasoma volti 0.07 hivi: Rc ndiyo imekatika, na huo mkondo mdogo kwenye Re unatoka besi. Hiyo 0.07 ndiyo inayokuambia ni ipi. Multimita iweke kwenye milivolti, usikubali kuona "0.0" ukaridhika.

JuaKaliElektro

Inasoma besi 1.8, emita 1.1 na kolekta 9 hivi, inakuza kidogo sana. Nimebadilisha 2N3904 badala ya BC547.

Kipimo

Huenda umeigeuza. BC547 ukiishika upande bapa ukikutazama, miguu chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. 2N3904 kwa mkao huo huo ni emita, besi, kolekta. Ukiichomeka kwenye matundu yale yale, kolekta na emita zimebadilishana. Transista ikiwa kinyume hufanya kazi kwa beta ndogo sana. Lakini kama ni hivyo, emita isingefika 1.1 kwa urahisi, maana besi ingelemewa. Pima tena hiyo emita, na pima Rc ikiwa nje ya saketi. Kama emita ni 1.1 kweli na kolekta ni 9, basi Rc si 4.7k. Itakuwa 2.7k, soma rangi: manjano-zambarau-nyekundu ni 4.7k, nyekundu-zambarau-nyekundu ni 2.7k.

JuaKaliElektro

Ni nyekundu-zambarau-nyekundu. Na transista nimeizungusha tangu mwanzo, iko sawa. Asante mkuu.

MzeeWaMasafa

Mmeisahau besi ya pamoja kama mtoto wa kambo.

Iko hivi. Ndani ya transista kuna kapasita ndogo kati ya kolekta na besi, kwa BC547 ni pF 3 au 4. Kwenye emita ya pamoja, kolekta inakwenda kinyume na besi mara 200, kwa hiyo kapasita hiyo inaonekana kwenye besi kama pF 700 au 800. Ni athari ya Miller, iliyoandikwa na John M. Miller mwaka 1920 akichunguza valvu, na transista imeirithi. Chanzo kikiwa cha 10k, amplifaya ya mfano inaanza kuchoka kwenye kilohertz 80 au 90. Kwa sauti haina neno. Kwa redio ni msiba.

Kwenye besi ya pamoja, besi imefungwa ardhini kwa kapasita, imesimama katikati kama ukuta. Kolekta icheze itakavyo, haimgusi aliye kwenye emita. Na ukinzani wa kuingilia ni re: kwa 0.5 mA unapata omu 50, sawasawa na waya wa antena. Ukiwa na waya wa omu 75, weka 0.33 mA. Hakuna mtindo mwingine unaokupa ulinganifu huo kwa kugeuza mkondo tu.

Kosa kubwa ni kapasita ya besi. Kwa megahertz 100, nF 1 ya seramiki ina omu 1.6, safi. Lakini ukiiacha na miguu ya milimita 10, miguu hiyo ni kama nanohenri 10, yaani omu 6 nyingine, na koili kwenye besi ndiyo inayofanya kitu kianze kutetema. Kata miguu hadi mwisho. Transista kama BF199 inafaa kuliko BC547 hapo, ila angalia miguu: emita ndiyo ya katikati.

Zubeda_R

Na zile intakomu zinazotumia spika ya omu 8 kama maikrofoni, zinazoingiza kwenye emita? Hiyo si sauti?

MzeeWaMasafa

Ni sauti, na inafanya kazi. Spika ya omu 8, kapasita ya 47 µF kwenda emita, besi ardhini kwa kapasita. Kwa 1.1 mA unapata ukuzaji wa 4700 ÷ 31, kama 150.

Kipimo

Nampinga mzee kidogo. Chanzo cha omu 8 ukikipeleka kwenye besi ya emita ya pamoja kinakuzwa 200, zaidi ya hiyo 150, na wala hakilemewi, kwa kuwa omu 8 mbele ya 3.5k ni kama hakuna kitu. Kwa sauti, faida ya besi ya pamoja ni ndogo.

MzeeWaMasafa

Sikatai. Kwa sauti ni suala la kupenda. Juu ya megahertz kadhaa ndipo nyumbani kwake, au ukiipandisha juu ya emita ya pamoja: ya chini inapokea kwenye besi, kolekta yake inaingia kwenye emita ya juu, na ya juu inatoa. Ya chini ukuzaji wake wa volti ni kama 1, kwa hiyo Miller hana cha kuzidisha. Unabaki na ukinzani wa kuingilia wa emita ya pamoja na upana wa masafa wa besi ya pamoja.

SoldaBaridi

Swali la mwisho. Emita ya pamoja kisha mfuasi: kati yao kapasita ya ngapi?

MkondoMdogo

Usiweke. Kolekta tayari iko volti 6.8, hiyo ndiyo bayasi (volti ya kupumzika ya besi) ya mfuasi. Unganisha kolekta na besi ya pili moja kwa moja, kolekta ya pili kwenye chanya, Re ya pili 2.2k. Emita inatulia 6.15, mkondo 2.8 mA.

Sasa rudisha ule mzigo wa 1k uliokuwa unashusha ukuzaji hadi 36. Mfuasi anauonyesha kwa kolekta ya kwanza kama 137k, na ukuzaji unabaki karibu 200. Ukinzani wa kutokea ni omu 32 hivi. Kilele cha kushuka, kwa fomula ile ile, ni 6.15 × 1 ÷ 3.2, volti 1.9. Ukihitaji zaidi, shusha Re ya pili hadi 1k: unapata 3, na mkondo wa kupumzika unakuwa 6 mA. Kapasita ya kutokea iwe 22 µF kwa mzigo wa 1k, chanya yake ikielekea emita.